Udi Katika Nyumba ya Kizuka

Amjad alikuwa na mbio, lakini hakuwa na vichochoro.

Alikata kushoto Mkunazini, akaruka gari la mkono la muuza mananasi, akajitupa kwenye ujia unaoonekana kama unatokea Darajani. Hautokei Darajani. Unakwisha kwenye kifusi cha nyumba iliyoanguka masika, ambayo wakubwa wanaohusika bado wanaifanyia semina.

Simai Matar, afisa wa Idara ya Usalama, hata hakukimbia. Alizunguka nyuma ya msikiti, akakaa juu ya kifusi, akamngoja.

Amjad alipotokea, alikuta bastola, Glock 19, inamtazama.

"Weka boksi chini."

"Bwana Simai, mimi tarishi tu, wallahi."

"Tarishi mwenye haki yake hukimbia?"

Boksi likawekwa chini. Simai akalifungua kwa ncha ya kiatu. Chupa ndogo za sindano, zimepangwa safu safu. Karatasi ya kijani ubavuni. Kizibo cha fedha.

Akainama, akaitazama moja kwa karibu.

Chupa hizo alikuwa anazijua. Moja alikuwa nayo nyumbani, ndani ya kikombe, kwa sababu hakuweza kuitupa. Mkewe, Nasima, alipigwa sindano za chupa kama zile, homa ya mapafu ilipomlaza. Daktari alifanya kila alichokijua. Tatizo ni kuwa mle ndani mlikuwa na maji na chumvi. Dawa bandia ilikuwa imeshuka bandarini mchana kweupe, ikagongwa muhuri, ikapita mbele ya wakubwa wanakunywa chai. Nasima akazikwa Mwanakwerekwe. Hakuna mkubwa aliyeacha chai yake.

"Nyingine ziko wapi?"

"Kontena zima," Amjad akasema, mate yamemkauka. "Limeandikwa marumaru. Lishashuka. Linatoka leo laasiri."

"Halitoki. Program ya bandarini itaona."

Amjad akacheka kicheko cha woga. "Haitoona. Kessler mwenyewe, yule wa hoteli, kaenda kuichezea. Yuko kwa yule mjane, kizuka, Kiponda."

Simai akamtia pingu, akamfunga kwenye nondo za dirisha.

"Polisi watakuja kukuchukua."

"Lini?"

"Ndiyo hapa Unguja, bwana. Jiweke vizuri."

Akashika njia ya Kiponda, kidole kiko kwenye redio.

"Kasa, Kasa. Punju hapa."

"Nnakusikia, Punju." Kasa alikuwa Hind, afisa mwenzake, aliyepachikwa geti la bandari kama karani. Punju lilikuwa jina la kazi la Simai, alilopewa na Nasima siku aliyorudi Jozani jua limemuunguza mgongo, mwekundu kama kima punju.

"Kuna kontena la marumaru?"

"Lipo. Program inalionesha jekundu. Limezuiliwa, lisubiri kufunguliwa."

"Likigeuka jeupe, niambie."

"Jekundu haligeuki jeupe peke yake, Punju."

"Leo litageuziwa."

Program yenyewe ilikuwa ikiitwa Nanga. Waliiunda watu wawili, Mundhir na mkewe Ibtisam, juu ya meza moja, ghorofani Kiponda. Ilikuwa program ya kompyuta za mezani, na sifa yake kubwa ilikuwa hii: waliiandika mara moja tu, kisha wakaifunga kifurushi kimoja kimoja kwa kila aina ya kompyuta. Wenye Windows wakapata yao. Wenye Mac wakapata yao. Wenye Linux, ule mfumo wa bure, nao wakapata. Bandari nzima ilikuwa ikitazama Nanga. Na kila apdeti ya Nanga ilikuwa haitoki mpaka Ibtisam achomeke ufunguo mdogo kama flashi, atie nambari yake ya siri. Bila ya mkono wake, hakuna kompyuta iliyokuwa ikikubali.

Mundhir alikwenda Idarani mara mbili kusema kuwa kuna mtu anataka kununua tundu la siri ndani ya Nanga, la kupitishia mzigo. Aliambiwa aandike barua ya maombi. Baada ya hapo gari lisilo na namba likamgonga na kumuua njia ya Mkokotoni.

Barua ya maombi. Mtu anakuja kusema anauliwa, anaambiwa aandike barua ya maombi.

Sasa Ibtisam alikuwa kizuka. Alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje, haonekani na mwanamume asiye wake, hajipambi, hajitii manukato. Kessler alijua hilo. Mwenye hoteli Kiwengwa, miaka chungu nzima kwenye kisiwa, anazungumza Kiswahili mpaka cha kutukania. Alijua kuwa mwanamke wa eda hakimbii nyumba yake.

Alikuwa anajua mengi. Siyo yote.

* * *

Chini ya nyumba ya Ibtisam, Bi Shemsa, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa anakaanga bajia barazani, kama alivyofanya tangu Simai yuko chuo cha Kurani.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, baba. Umekonda! Huli?"

"Nnakula. Kuna watu huko juu?"

Bi Shemsa akainua kijiko cha bajia kama anatoa ushahidi. "Wamekuja wanawake wawili, taazia. Warefu kama nguzo za umeme! Mabuibui yamewaishia miguuni, uso wote umefunikwa. Nimewasalimu, kimya. Wamepanda na viatu vyao. Mwanamke gani anaingia nyumba ya msiba na mabuti?"

Simai akainua macho. Dirisha la ghorofa ya pili lilikuwa wazi kidogo.

Ndipo harufu ikamfika.

Udi.

Udi mzuri, wa kutiwa sandali, wa harusini. Ulikuwa unateremka uchochoroni polepole, unapita juu ya mafuta ya bajia, unaingia puani kama mtu anayekujua. Nasima alikuwa akifukiza udi ule kila Ijumaa.

"Unasikia?" Bi Shemsa akanong'ona, macho yamemtoka. "Mumewe hata hajaota nyasi, keshafukiza udi! Kizuka! Mimi nilimwambia jirani yetu Amne, wasomi hawa, eda hawaiwezi. Kesho utasikia anaolewa."

"Bi Shemsa."

"Naam."

"Yule binti atafukiza udi kwa akili zake?"

Bi Shemsa akafungua kinywa. Akakifunga. Bajia zikaanza kuungua.

"Hawezi," akasema taratibu. "Ibtisam yule? Hata sabuni ya kunukia kaniomba nimbadilishie." Akajishika kifua. "Lailaha illallah! Anatuita."

Ndivyo ilivyokuwa. Mgeni yeyote angeona ni ukarimu wa Kizanzibari. Mtu wa hapa, akipita uchochoroni, lazima asimame. Ibtisam alikuwa amepiga ukelele, na Kessler alikuwa ameuvuta puani akausifu.

"Kikapu kinashuka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kila siku nikimaliza kukaanga, kinashuka. Kisiposhuka napiga kelele mtaa mzima, anajua."

Simai akatoa tasbihi mfukoni. Punje zake za kahawia zilikuwa za kawaida, ila ile kubwa ya kichwani: ndani mlikuwa na maikrofoni ndogo kuliko punje ya ufuta. Akaitia chini ya bajia, ndani ya mfuko wa karatasi.

Kikapu kikashuka kwa kamba, kikiyumbayumba.

Kikapandishwa.

Simai akatia kidude cha sikio. Mchakacho wa karatasi. Kisha sauti ya mwanamke, ndogo, imekauka.

"Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah."

Ameipata. Ameishika mkononi, na hakuna jambazi anayemshangaa mjane mwenye tasbihi.

"Malizia kazi, mama." Hiyo ilikuwa sauti ya Kessler. "Sala baadaye."

"Nshamaliza ya Windows. Jaribuni."

Vidole kwenye kibodi. Sauti ya pili, nzito, ya mtu wa kompyuta aliyeletwa na Kessler. "Safi. Kontena letu jeupe."

"Hii ya Mac."

Vidole tena. "Safi nayo."

"Ya tatu je?" Kessler akauliza.

"Ya Linux?" Ibtisam akajibu, punje zinagongana. "Inajifunga yenyewe pamoja na hizi. Haina mtu. Nani Unguja hii anatumia Linux? Wakubwa wote wamenunuliwa Windows na Mac."

Yule mtu wa kompyuta akacheka. "Kweli. Ofisi zote tulizopita, hamna. Tusipoteze wakati. Tia nambari yako."

"Na nikishatia?"

"Ukishatia," Kessler akasema kwa upole uliomtia Simai baridi, "tutakuacha upumzike. Kama tulivyompumzisha mumeo."

Punje za tasbihi zikasita.

* * *

Simai akampigia Mkubwa wake wa Idara.

Mkubwa Abdulhakim alikuwa kwenye semina, hoteli ya ufukweni, mada ya usalama wa mitandao. Nyuma yake vijiko vilikuwa vinagonga vikombe.

"Mkubwa, Kessler yuko nyumba ya marehemu Mundhir. Ana silaha. Naomba vijana wanne."

"Nyumba ya kizuka hiyo, Simai. Ukiingiza wanaume mle, kesho mtaa wote uko redioni. Nani atajibu?"

"Watamuua."

"Andika taarifa. Nikitoka hapa nitaitazama."

"Mkubwa, dawa ni zile zile. Za Nasima."

Kijiko kikagonga kikombe.

"Simai, mimi nilikupa pole. Nilikuja matangani mwenyewe. Lakini nilikwambia, siku tatu zimetosha, mwanamume hana eda. Mambo ya mkeo usiyalete kazini. Subiri."

Simu ikakatika.

Simai akaitazama simu. Samsung nzuri, ya Idara, kioo kigumu. Siku ile ya nne baada ya mazishi, simu hii hii ndiyo iliyolia ikimwita kazini, shuka za Nasima bado ziko kambani. Alikwenda. Ndiyo maana mpaka leo alikuwa hajalia. Hakupewa nafasi.

"Bi Shemsa, ngazi ya darini kwako iko wapi?"

"Darini kwangu? Nimeanika nguo za ndani!"

"Nitafumba macho."

"Ufumbe kweli, mwana kulaaniwa we!" Lakini tayari alikuwa anamsukuma mlangoni kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka. "Nenda. Kamtoe mwanangu. Nimemsengenya, Mungu anisamehe."

Ngazi. Giza. Dari. Mabati ya moto. Ukuta wa nyumba mbili ulikuwa mmoja, kimo cha kifua. Simai akauruka.

Sikioni mwake, Kessler: "Imekwenda?"

"Imekwenda," akasema mtu wa kompyuta. "Mashine zote zinapokea."

Adhana ya laasiri ikaanza, msikiti wa kwanza, kisha wa pili, mpaka mji mzima ukajaa sauti.

"Vizuri," Kessler akasema. "Kelele inatosha. Mmalize."

Simai alikuwa kwenye ngazi ya mwisho. Mlango ulikuwa na pazia tu. Alilelewa Unguja. Hata pale, bastola mkononi, neno lilimponyoka lenyewe.

"Hodi."

Wanaume wawili waliovaa mabuibui wakageuka.

Ibtisam hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikiinua chetezo kwa mpini, makaa yote na udi wake, akamwagia mapajani mtu wa kompyuta. Buibui la nailoni halina subira na moto. Jamaa akaruka akipiga mayowe, bastola yake ikaanguka ikajiendea chini ya kabati.

Kessler akachomoa ya kwake. Alikuwa mwepesi. Tatizo, alivaa vazi asilolizoea. Aliposogea hatua nyuma alikanyaga pindo lake mwenyewe, na mkono ukapanda juu.

Simai akapiga risasi moja.

Bastola ya Kessler ikatoka na kidole.

"Chini!"

Wakalala chini, mmoja anafuka moshi, mwengine anashika mkono, niqabu imemwendea shingoni kama leso ya kulia chakula. Pingu moja. Pingu mbili.

Ibtisam alikuwa ameshajitia nyuma ya pazia la chumba. Simai akageuza uso ukutani. Mabuibui mawili ya uongo yanatapatapa sakafuni, na wao wawili wanazungumza bila ya kutazamana.

"Umeumia, dada?"

"Sijaumia, kaka Simai." Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka. "Udi umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Nliogopa watasema nimevunja eda."

"Wamesema. Kisha wakalia."

Redio ikachakata.

"Punju! Kasa hapa! Limegeuka!"

Simai akafunga macho. Amechelewa. "Jeupe?"

"Ofisi zote za juu wanasema jeupe. Lori lishafika getini, nimesimama nalo nje. Mkubwa kanipigia sasa hivi, anasema kaona kwenye Mac yake, kontena halina tatizo, nifungue, kuna watu wazito wanalisubiri."

Kwenye sakafu, Kessler akacheka na damu yake.

"Kasa, usifungue. Tafuta..."

"Mwambie atazame kompyuta ya getini," Ibtisam akasema nyuma ya pazia.

"Ipi?"

"Ile ya getini. Kuukuu, ya kioo chenye ufa."

Simai akasema kwenye redio. Hatua za Hind zikasikika zikikimbia. Muadhini wa mwisho akamaliza.

Kisha Hind, sauti imembadilika: "Punju. Hii hapa jekundu. Jekundu kama damu."

Kicheko cha Kessler kikafa.

"Fedha za kununulia kompyuta ya getini ziliota mbawa," Ibtisam akasema, taratibu, kama anamhadithia mtu mwengine. "Basi Mundhir akachukua kuukuu yetu, akaitia Linux, akaipeleka mwenyewe begani. Kisiwa kizima ni hiyo moja. Mimi nligombana naye. Nlimwambia, tuifute ile ya tatu, tunajichosha kufunga na kupima kwa ajili ya mashine moja ya karani! Akanambia, yule karani naye anatazama bahari ile ile." Akavuta pumzi. "Alipokufa, nikawa naendelea kuifunga. Kila apdeti. Kila mara naipima peke yangu usiku, kwa ajili ya mashine moja, maana ndiyo iliyobaki ya kubishana naye. Leo tundu nimelitia kwenye mbili tu. Ya Mundhir sikuigusa."

Kisha akalia. Alilia kama watu wanavyolia wakishamaliza kazi.

Simai alibaki anautazama ukuta. Palikuwa na msumari, na juu ya msumari kofia ya kiume, ya mkono, haijamaliziwa kushonwa. Akabonyeza redio.

"Kasa. Funga geti. Vunja lakiri ya kontena."

"Mkubwa kasema nifungue."

"Mkubwa anaona kile alichonunuliwa. Wewe unaona kilichopo. Funga."

Geti la bandari lina mnyororo wenye kutu. Simai aliusikia ukiburutwa, redioni, mpaka mwisho.

* * *

Ndani ya kontena, nyuma ya safu mbili za marumaru, zilikuwa chupa. Karatasi ya kijani. Kizibo cha fedha. Zingetosha kuzika watu mpaka Mwanakwerekwe ikajaa.

Simai alipowakabidhi wale wawili kwa polisi na kufika bandarini Malindi, Mkubwa Abdulhakim keshafika. Ametoka seminani na kitambulisho cha semina kifuani. Kamera zilikuwa zimemzunguka. Alikuwa anaeleza jinsi alivyoifuatilia mwenyewe operesheni ile, hatua kwa hatua. Mundhir hakumtaja. Nasima ndiyo kabisa.

Hind alisimama pembeni, mikono imejaa kutu ya mnyororo. "Unamsikia?" akanong'ona.

"Nimemsikia miaka mingi."

Kamera zilipokwisha, Mkubwa akamjia, mkono umenyooka. "Hongera, Simai. Hukusubiri, lakini yamepita. Sasa sikiliza. Mtandao wa Kessler uko hata Mombasa. Kesho asubuhi unaondoka."

Simai hakuushika mkono. Akatoa Glock, akaitia mle ndani ya mkono ulionyooka. Juu yake akaweka redio. Juu ya redio akaweka Samsung. Mkubwa akabaki ameshika vitu vitatu kama mtu anayesubiri kupokewa mzigo.

"Nini hii?"

"Sendi Mombasa. Nnakwenda nyumbani kukaa eda."

"Una wazimu? Nshakwambia, mwanamume hana..."

"Aliyenambia ni wewe, Mkubwa. Nasima hakunambia."

Akageuka. Nyuma yake Samsung ikaanza kulia mikononi mwa mwenyewe. Hakutazama nyuma.

Alipita Kiponda. Bi Shemsa alikuwa amekaa barazani, karai limepoa, anangojea habari kwa masikio yote mawili. Juu, dirisha lilikuwa limefungwa, na uchochoroni udi ulikuwa umekwisha. Ilibaki harufu ya chokaa na bahari tu.

"Kalala," Bi Shemsa akasema. "Amne yuko naye. Na wewe, baba, unakwenda wapi?"

"Kwangu, ghorofani. Bi Shemsa, kesho nikaangie bajia za watu wawili... za mtu mmoja. Upite nazo chini ya dirisha langu. Nitateremsha kikapu cha Nasima."

Bi Shemsa akampigia kofi la begani. "Weee! Mwanamume na kikapu! Toka lini?"

"Kuanzia kesho."

Alikuwa anataka kucheka, yule bibi. Alimtazama usoni vizuri, akaacha.

"Pilipili nikutie?"

"Nasima alikuwa anataka nyingi," Simai akasema, na sauti ikamkatika hapo hapo. Akainamisha kichwa, akatia mikono mfukoni, akaendelea kutembea.